Kondoo huvimba chini ya taya kila masika ingawa ninawapa dawa ya minyoo: ninakosea wapi?

MamaSubira (Arumeru)

Ndugu wafugaji, nawasalimu nyote, na kwa walionizidi umri shikamooni.

Ninaishi kwenye miteremko ya Mlima Meru, katika kiwanja cha ekari moja na nusu nilichoachiwa na marehemu baba. Nimeajiriwa mjini Arusha, hivyo siku tano za juma huondoka alfajiri na kurudi jua likizama. Nina kondoo tisa, mbuzi watatu, ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama wake, kuku wapatao thelathini, bata sita na mbwa mmoja. Siwafugi kwa ajili ya biashara. Nilikua nikiwaona uani kwetu, na nyumba isiyosikika mlio wa kondoo jioni kwangu ni kama nyumba iliyohamwa. Nalieleza hili mapema kwa sababu kila ninapouliza jambo hili kwa majirani hujibiwa kwamba niwachinje ninunue wengine, na jibu hilo halinisaidii.

Tangu mvua za masika zilipokolea, kondoo majike wawili wamevimba chini ya taya. Uvimbe ni mlaini, ukiubonyeza kidole huacha shimo, na hawaonyeshi kuumia. Lililonichanganya ni kwamba jioni uvimbe huwa mkubwa kama embe dogo, na asubuhi huwa umenywea hata nikadhani mnyama amepona. Hawaharishi hata kidogo. Wanakula, ila kwa uvivu, na wakati wa kurudi nyumbani hubaki nyuma, pengine wakalala njiani.

Mwaka jana, majira haya haya, nilimpoteza kondoo niliyemwita Subira, wiki ya tatu baada ya kuzaa mapacha. Alikuwa na uvimbe wa namna hii hii. Nilimkuta asubuhi amelala ubavu karibu na pipa la maji, wanawe wakimsukumasukuma kiwele. Niliwalea wale mapacha kwa maziwa ya ng'ombe, nikiamka saa sita usiku na tena saa kumi alfajiri. Mmoja alikufa siku ya nne. Aliyebaki alikua akawa kondoo jike mzuri mwenye kunifuata hadi mlangoni, naye ndiye mmoja wa hawa wawili waliovimba sasa.

Naomba nieleze namna wanavyotunzwa, kwa maana huenda kosa limejificha humo. Kijana anayenisaidia huwatoa zizini saa kumi na mbili na nusu, kabla sijaondoka, akawafunga kamba kwenye vigingi katika kiwanja cha chini, karibu na mfereji wa maji, kwa kuwa hatuna uzio na migomba ya jirani iko hatua chache tu. Kila mmoja ana kigingi chake na mahali pake. Mbuzi hukaa papo hapo pamoja nao. Ng'ombe hukatiwa majani akala bandani. Jioni kondoo hupewa pumba za mahindi, wanaonyonyesha huongezewa chakula cha kuku wa mayai ili maziwa yasipungue, na wote hulamba jiwe la madini la ng'ombe.

Kuhusu dawa, nimewanywesha wote albendazoli mara tatu tangu mwezi wa pili, kila mmoja mililita tatu, kipimo nilichoelekezwa na jirani mwenye uzoefu. Sikuona nafuu. Je, huu ni ugonjwa mwingine ninaoutibu kwa dawa isiyo yake? Je, ni sahihi kuwachanganya na mbuzi? Na kuna mmoja ambaye atazaa baada ya wiki tatu hivi: nifanye nini ili yaliyompata Subira yasimpate huyu?

MzeeWaMifugo (Morogoro)

Marahaba, mwanangu, na pole kwa Subira.

Nilikuwa daktari wa mifugo wilayani kabla ya kustaafu, na uvimbe huo nimeuona mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kwanza nikueleze unatoka wapi, kwa sababu ukishaelewa hilo mengine yote yatafuata. Kondoo wako anapoteza damu ndani kwa ndani. Damu inapopungua, na protini iliyomo ndani yake ikapungua nayo, maji hutoka kwenye mishipa yakakusanyika mahali palipo chini kuliko pengine. Mnyama anayelisha huinamisha kichwa mchana kutwa, ndiyo maana jioni taya limejaa. Akilala usiku na kichwa amekiinua, maji hutawanyika, nawe asubuhi unadhani amepona.

Mwizi wa damu hiyo, kwa masika na kwa mnyama asiyeharisha, mara nyingi ni mnyoo wa tumbo la nne ambaye wataalamu humwita Haemonchus contortus. Jike lake lina urefu wa sentimita mbili hadi tatu, na ukilitazama unaona mistari myekundu na myeupe iliyosokotana kama kamba, kwa kuwa utumbo wake uliojaa damu umezungukwa na mifuko ya mayai. Jike moja hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Mayai hutoka na kinyesi, na penye joto na unyevu minyoo wachanga huwa tayari kuingia katika mnyama mwingine baada ya siku nne hadi saba hivi. Wakishaliwa pamoja na nyasi huchukua takriban wiki tatu kukomaa, nao wakaanza kutaga.

Sasa uangalie tena maelezo yako. Kondoo amefungwa kigingi kilekile, mahali palepale, siku zote za masika, na anatolewa saa kumi na mbili na nusu wakati umande ungali umelowesha majani. Minyoo wachanga hawa huishi ndani ya unyevu, na wengi wao hukaa kwenye sehemu ya chini ya jani, sentimita tano hivi kutoka ardhini. Kondoo asiyekuwa na pa kwenda hula hadi shinani, juu ya kinyesi chake mwenyewe cha juma lililopita. Unaweza kumpa dawa leo ikaua kila mnyoo, na kesho akaanza kuwarudisha mmoja baada ya mwingine.

Jambo la kufanya leo hii, kabla hujanunua chupa nyingine, ni kutazama macho. Mshike kondoo juani, bonyeza kope la juu taratibu kwa kidole gumba, kisha uvute kope la chini na utazame utando wa ndani. Ukiwa mwekundu kama nyama mbichi, hali ni njema. Ukiwa wa waridi uliopauka, uwe na wasiwasi. Ukiwa mweupe kama karatasi, mnyama huyo anahitaji msaada siku hiyo hiyo. Huko Afrika Kusini ilibuniwa kadi ya rangi tano kwa ajili ya kazi hii, iitwayo FAMACHA kutokana na jina la daktari wa mifugo Faffa Malan: namba 1 ni nyekundu na namba 5 ni nyeupe. Wale wa 1 na 2 hawapewi dawa, wa 4 na 5 hupewa bila kuchelewa, na wa 3 huamuliwa kwa kutazama hali yake, kwa mfano kama ana mimba au amekonda. Wakati wa masika tazama kila juma. Wakati wa kiangazi wiki mbili au tatu zinatosha.

Kumpa dawa asiyeihitaji kuna madhara yake. Katika kundi la kondoo tisa, huenda wawili au watatu ndio wanaobeba minyoo walio wengi. Ukiwanywesha wote kila mara, wanaosalia ni wale minyoo ambao dawa haiwawezi, na hao ndio watakaozaliana kiwanjani kwako hadi dawa ipoteze nguvu kabisa.

Yapo mambo mawili kuhusu chupa yenyewe. Albendazoli huuzwa madukani kwa nguvu mbili: asilimia 2.5, yenye miligramu 25 katika kila mililita, na asilimia 10, yenye miligramu 100. Mililita tatu za chupa ya kwanza ni robo tu ya mililita tatu za chupa ya pili. Soma lebo yako. Halafu umpime kondoo kwa mizani ya kuning'iniza, kwa maana macho yetu karibu siku zote hukadiria chini ya uzito halisi. Dawa hiyo pia usimpe kondoo aliye katika mwezi wa kwanza wa mimba, kwani inaweza kudhuru kitoto. Mbuzi nao hukiondoa kiini cha dawa mwilini haraka kuliko kondoo, hivyo kipimo cha kondoo hakiwatoshi. Daktari wa eneo lako akupangie chao.

Umetaja mfereji. Penye maji yanayotuama na konokono, uvimbe na weupe wa macho huweza pia kuletwa na minyoo bapa wa ini, na albendazoli haiwaui walio wachanga. Kwa hiyo usiendelee kukisia. Kusanya kinyesi kibichi kutoka kwa kila aliyevimba, kiweke kwenye mfuko safi, kikae mahali pa baridi, na kipelekwe siku hiyo hiyo kwenye kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari kilichopo hapo Arusha.

Kuna sentensi moja umeiandika kwa kupita tu, nayo imenitisha kuliko uvimbe. Ondoa jiwe la madini la ng'ombe mbele ya kondoo, na usiwape tena chakula cha kuku. Vyote viwili kwa kawaida huongezewa shaba, na kondoo, tofauti na ng'ombe na hata mbuzi, hana uwezo wa kuitoa shaba iliyozidi. Ini lake huihifadhi miezi mingi bila dalili yoyote, kisha siku moja huiachilia yote kwa pamoja: macho huwa ya manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, na kwa kawaida mnyama hufa ndani ya siku chache. Nunua madini yaliyoandikwa kuwa ni ya kondoo, au uwape chumvi ya kawaida hadi utakapoyapata. Wanaonyonyesha waongezee mashudu ya alizeti badala ya chakula cha kuku. Protini hiyo huwasaidia hata kupambana na minyoo.

Na huyu wa kuzaa baada ya wiki tatu. Kondoo jike anapokaribia kuzaa, na kwa wiki kadhaa baada ya kuzaa, kinga yake dhidi ya minyoo hushuka na mayai kwenye kinyesi huongezeka sana. Hapo ndipo Subira alipokuangukia. Mtoe malishoni sasa, umweke bandani penye sakafu kavu, umkatie majani kwa juu, kiganja kimoja na nusu kutoka ardhini, umpe mashudu, na umtazame macho kila siku ya tatu. Akizaa akiwa dhaifu, mkamue dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, na umnyweshe mwanawe ndani ya saa sita za kwanza: mtoto wa kilo tatu apate mililita 150 hivi kwa mkupuo mmoja, mara tatu au nne siku hiyo ya kwanza. Dang'a ya ng'ombe wako ukiigandisha kwenye jokofu inaweza kuokoa maisha ikiwa ya mama haitoshi.

MchungajiLongido

Mama, nakusalimu, na mzee namheshimu kwa maelezo yake. Mimi naongeza yale tu niliyofundishwa nyumbani.

Kwetu kondoo hawafungwi kamba. Wanatembea, na nyasi waliyoila leo hawairudii kesho, ndiyo maana wazee wetu waliweza kufuga mamia bila chupa ya dawa. Wewe katika ekari moja na nusu huwezi kuhama, lakini kigingi kinaweza kuhama. Mwambie kijana wako akihamishe kila siku ya tatu, aanze kona moja ya kiwanja na kwenda mbele, asirudi alipotoka hadi wiki nyingi zipite. Pale alipotoka kondoo mwache ng'ombe mkubwa ale. Minyoo hawa wa kondoo wakiingia tumboni mwa ng'ombe mzima wengi wao hawafiki mbali, hivyo yeye atakufagilia malisho. Mbuzi hawezi kazi hiyo, kwa sababu yeye na kondoo wanashirikiana minyoo.

Bibi yangu alikuwa anasimama mlangoni mwa boma asubuhi na jioni, hasemi neno, anatazama wanavyopita. Alikuwa akijua kondoo atakayeugua siku mbili kabla ya watu wengine, kwa sababu kila kondoo ana nafasi yake katika msafara, na yule aliyezoea kuwa mbele akionekana katikati, ujue kuna jambo. Wewe huondoka alfajiri, na wakati wa kurudi giza limekaribia. Kwa hiyo macho ya shamba ni ya yule kijana. Usimpe kazi ya kufunga kamba tu. Mfundishe kutazama kope, umpe daftari aandike jina na rangi, na akikwambia kwamba fulani leo amechelewa, umsikilize kama unavyomsikiliza daktari.

Umetaja pia mbwa. Kichwa cha kondoo aliyekufa kisitupwe kwa mbwa kikiwa kibichi. Kuna tegu anayeishi tumboni mwa mbwa, ambaye mayai yake yakiliwa na kondoo pamoja na nyasi huota kama malengelenge yenye maji ndani ya ubongo, na kondoo huzunguka mahali pamoja hadi anaanguka. Sisi tunauita ormilo. Mbwa apewe dawa yake ya tegu mara kwa mara.

MkulimaWaMsambweni (Kwale)

Dada, pole sana. Mimi niko pwani ya kusini ya Kenya, mahali ambapo unyevu hauishi mwaka mzima, na yaliyokupata wewe yamenipata mimi kwa miaka minne mfululizo.

Hukutaja kondoo wako ni wa mbegu gani. Nilipoanza, nilinunua Dorper, kwa kuwa wanapendeza macho, wana nyama, na kila mtu aliniambia hao ndio kondoo wa kisasa. Dorper walizalishwa Afrika Kusini kwa ajili ya nchi kavu. Hapa kwangu walivimba taya kila mvua ziliponyesha, na kati ya kumi na mmoja walibaki wanne. Ndipo jirani aliponieleza kwamba katika miaka ya 1990, watafiti wa taasisi ambayo tangu 1994 inaitwa ILRI, yaani Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, walifuga Dorper na kondoo wekundu wa Kimaasai bega kwa bega hapo Diani, si mbali na kwangu, ili waone nani atastahimili minyoo. Wale wekundu walikuwa na mayai machache kwenye kinyesi, damu yao haikupungua sana, na vifo vyao vilikuwa vichache kwa mbali. Nilitafuta dume mwekundu, nikampandisha wale majike wanne waliosalia. Watoto wao si wakubwa kama Dorper halisi, lakini msimu uliopita wa mvua niliwapa dawa wawili tu kati ya kumi na wanane.

Wewe uko karibu na Wamaasai kuliko mimi. Usiuze hao ulio nao, ila dume utakayemtumia tena awe mwekundu, mwenye mkia wa mafuta, tena ukimtazama jicho wakati wa masika liwe jekundu. Jambo hili mimi naliweka mbele ya dawa.

MzeeWaMifugo (Morogoro)

Ndugu wa Msambweni, nakubaliana nawe kuhusu dume, na utafiti wa Diani umewafaa wafugaji wengi. Naomba tu tusimpe mama huyu tumaini lisilo na wakati. Mimba ya kondoo ni miezi mitano, na mtoto atakayezaliwa hadi afikie kuzaa ni zaidi ya mwaka. Wawili waliovimba hawana mwaka wa kusubiri. Tena hata kondoo mwekundu ukimfunga kigingi kimoja masika yote atavimba. Ustahimilivu wake haumaanishi kwamba minyoo hawamwingii. Aanze na macho, mizani, lebo na kigingi, kisha atafute dume.

MamaSubira (Arumeru)

Shikamoo tena mzee, na ndugu zangu wawili ahsanteni sana. Siku kumi na moja zimepita tangu nilipouliza, na ninarudi na majibu.

Jioni ile ile nilichukua tochi na chupa. Ni ya asilimia 2.5. Nikaenda kwa jirani, naye akanionyesha yake: ni ya asilimia 10. Sote wawili tulisimama tukitazamana. Hakunidanganya, alinipa kipimo cha chupa yake, nami sikujua kwamba kuna chupa za aina mbili. Jumamosi tuliwapima kwa mizani ya kuning'iniza, tukiwaweka ndani ya gunia tulilolitoboa matundu manne ya miguu, na wale niliodhani wana kilo ishirini na tano walikuwa na thelathini na tano, mmoja thelathini na nane. Kwa hiyo mara tatu nzima nimewapa dawa isiyofika hata nusu ya waliyostahili, na ninamfikiria Subira kila ninapoikumbuka hesabu hiyo.

Macho tuliyatazama juani. Wanne ni wekundu kabisa, wawili wa waridi. Aliyevimba wa kwanza alikuwa kwenye namba 4, na binti Subira alikuwa mweupe, sina neno jingine. Wa tisa ni yule mwenye mimba, naye ni 3. Maabara imekuta mayai mengi ya minyoo wa tumbo kwa wote wawili waliovimba, na haikuona mayai ya minyoo bapa. Daktari wa kata alikuja, akawapa hao wawili na mwenye mimba dawa ya kundi jingine, levamisoli, kwa uzito wao halisi, kwa kuwa alihofia kwamba dozi zangu pungufu zimeshawapa minyoo usugu. Sita waliobaki hatukuwagusa. Ilinibidi nijizuie.

Aliyekuwa namba 4 taya limenywea siku ya sita. Binti Subira bado ana uvimbe kidogo jioni na kope zake zimefikia waridi hafifu, lakini jana alisimama mwenyewe kwenda kwenye mashudu. Yuko bandani, hatembezwi. Jiwe la madini la ng'ombe limehamishiwa upande ambao kondoo hawafiki, na chakula cha kuku sasa kinafungiwa. Vigingi vinahama kila siku ya tatu, na hawatolewi hadi umande ukauke, karibu saa nne. Kijana ana daftari. Ukurasa wa kwanza ameandika majina yote tisa, na kumbe wawili kati yao alikuwa amewapa majina yake mwenyewe ambayo sikuyajua.

Nina maswali mawili ya mwisho. Nitajuaje kwamba dawa hii ya pili imefanya kazi? Na kiwanja cha chini, ambacho wamekaa masika mawili, nikifanye nini?

MzeeWaMifugo (Morogoro)

Mwanangu, umefanya vizuri kutowagusa wale sita. Waendelee kutazamwa kila juma, na yeyote atakayeshuka ahudumiwe peke yake.

Ili kuipima dawa, peleka kinyesi cha wale watatu tena siku ya kumi hadi ya kumi na nne tangu waliponyweshwa, kwenye maabara ile ile, na uombe idadi ya mayai kwa gramu ilinganishwe na ile ya kwanza kwa wale wawili uliokwisha kuwapima. Ikiwa yameshuka karibu na sifuri, dawa bado ina nguvu kwako. Yakibaki mengi, basi usugu umeingia na daktari wako atachagua nyingine. Damu yenyewe hurudi polepole, hivyo binti Subira anaweza kuchukua wiki kadhaa kabla kope zake hazijawa nyekundu, hata kama minyoo wote wamekwisha. Usimwongezee dawa kwa sababu ya haraka. Mpe mashudu, majani ya lukina kama unayo, na utulivu.

Mayai ya minyoo bapa kutoonekana hakumaanishi kwamba hawapo, kwa sababu mnyoo huyo hukaa mwilini karibu miezi mitatu au zaidi kabla ya kuanza kutaga. Ukanda wa hatua kumi kando ya mfereji usilishiwe kabisa. Bata wako sita waachilie huko mchana. Wao hula konokono kwa furaha, ingawa hawatawamaliza, na pia uwahamishe mbali na pipa la kunyweshea kondoo, maana matope wanayoyatengeneza hapo huozesha kwato.

Kiwanja cha chini kipumzishe. Nchi za joto la pwani minyoo wachanga wengi hufa ndani ya wiki sita hivi, lakini huko kwenu kwenye baridi ya mwezi wa sita na wa saba huishi muda mrefu zaidi, kwa hiyo kondoo na mbuzi wasikanyage hapo hadi vuli. Katikati ya hapo mkate majani yake kwa ajili ya ng'ombe, au mfungie ng'ombe mwenyewe hapo kwa zamu, ila ndama abaki bandani.

MamaSubira (Arumeru)

Nimeyaandika yote kwenye daftari la kijana, ukurasa wa nyuma. Ninaongeza habari moja tu: yule mwenye mimba amezaa leo saa tisa usiku, wiki moja kabla ya siku niliyoihesabu, dume mmoja wa kilo tatu na robo, na amenyonya dang'a mwenyewe kabla hata sijamaliza kupasha maji. Kope za mama nimezitazama kwa tochi. Ni za waridi, na kulipokucha nilizitazama tena juani nikaona vivyo hivyo, hivyo nitarudia kesho kutwa.

Majibu ya kinyesi cha pili nitayaleta hapa wiki ijayo.